Kiyoyozi Nilichokizika Chini ya Jamvi

Mwaka wangu wa pili kazini nilikabidhiwa shule. Tuseme majengo mawili tu ya shule moja ya binafsi huko Kigamboni: jengo la madarasa manne na bweni la wavulana, yote yakiwa bado kwenye ramani. Mwenye shule alishakuwa na jengo la madarasa la aina hiyohiyo, lililojengwa miaka kadhaa nyuma, na watoto walikuwa wanarudi nyumbani vichwa vikiwagonga. Kabla hajamwaga hela kwenye jengo jipya, akataka kujua abadilishe nini. Bosi wangu akanigeukia: "Si wewe uliyesema unaijua ile programu?"

Nilisema kweli, kwenye usaili. Nani hasemi.

Programu yenyewe ni EnergyPlus. Wizara ya Nishati ya Marekani imekuwa ikiitoa bure tangu 2001, na kazi yake ni kupiga hesabu ya joto linaloingia, linalokaa na linalotoka kwenye jengo, kwa saa zote 8,760 za mwaka. Unaichorea jengo, unaipa faili la hali ya hewa ya mahali, halafu unaiambia kila ukuta, paa na sakafu imejengwa kwa nini. Hapo kwenye "imejengwa kwa nini" ndipo nilipoaibika, kwa hiyo ndipo nitakapokaa.

Kwa programu, tofali halina jina. Ni mstari wa namba. Ya kwanza ni unene, kwa mita. Ya pili ni upitishaji joto, yaani joto linakimbia kwa kasi gani ndani ya kitu: chuma kama 45, zege kama 1.4, mbao kama 0.13. Ndiyo maana mwiko wa mbao haukuunguzi mkono na kijiko cha chuma kinakuunguza, ilhali vyote vimelala kwenye sufuria moja. Kisha kuna densiti, yaani kilo ngapi kwa mita moja ya ujazo, na joto mahususi, yaani joto la kupandisha kilo moja kwa nyuzi moja, ambazo ukizizidisha pamoja unajua kitu kinahitaji joto kiasi gani ndipo kipate moto, na baadaye kitachukua muda gani kupoa. Mwisho kuna namba za uso: jua likipiga, sehemu gani inafyonzwa na gani inarudishwa, na uso wenyewe unatoa joto kiasi gani kwa mnururisho, yaani joto linalokufikia bila kugusana na kitu, kama la jua.

Nilifanya wanavyofanya wengi. Programu huja na maktaba ya vifaa vilivyokwisha kujazwa namba, vilivyotolewa kwenye kitabu cha chama cha wahandisi wa viyoyozi cha Marekani, ASHRAE. Kwa ukuta nikachagua M05, tofali la zege la milimita 200. Kwa paa nikachagua F08, uso wa chuma. Nikachora darasa la mita 9 kwa 7, nikaweka watoto 45, nikafungua madirisha yote, nikabonyeza kitufe. Dakika moja baadaye jibu likatoka: mchana wa Machi, ndani ya darasa, nyuzi 30.4.

Nje, faili la hali ya hewa lilisema 32. Darasa lenye paa la mabati, halina dari, lina watoto 45, lina ubaridi kuliko kivuli cha mwembe! Sikushtuka. Nilikuwa na grafu ya rangi nne, na grafu ya rangi nne huondoa aibu.

Tulikwenda kuionyesha shuleni. Alikuwepo mwenye shule, mwalimu mkuu, na fundi mkuu aliyejenga lile jengo la zamani, mzee wa makamo ya baba yangu. Tukakaa ndani ya darasa lenyewe, saa nane mchana. Nikasoma namba zangu huku shati limenishika mgongoni.

"Mwanangu," mzee akauliza kwa upole, "hizo nyuzi 30 ni za humu?"

"Ndiyo mzee. Kama humu, saa hizi, mwezi wa tatu."

Akainua macho kwenye kenchi, akatazama mabati, akanirudia. "Kwani kwenye kompyuta mmetia AC?"

Wakacheka wote, na mimi nikacheka nao, kicheko cha kutafuta mlango. Njiani bosi hakusema neno mpaka tukafika kwenye pantoni. Hapo akasema tu: "Kapime."

Nikanunua vipima joto vitatu vidogo vinavyojirekodi vyenyewe, nikavitundika kwenye lile darasa la zamani usawa wa kichwa cha mtoto aliyekaa, mbali na jua. Cha nne nilikitengeneza: mpira wa tenisi ya meza, nikaupaka rangi nyeusi isiyong'aa, nikapenyeza kipima joto katikati. Huo hausomi joto la hewa peke yake, unasoma pia mnururisho unaoshuka kutoka kwenye bati, na ndio unaogonga vichwa vya watoto. Baada ya wiki mbili nikavishusha. Hewa ilifika 35.8. Mpira mweusi ulikuwa juu zaidi ya hapo kwa nyuzi mbili na kitu.

Nyuzi tano za tofauti. Si kosa la kurekebisha kwa penseli.

Nilianza na tofali, kwa sababu ndilo ningeweza kulishika. Kwenye uwanja kulikuwa na lundo la tofali za inchi 6, zile za saruji na mchanga zisizo na tundu. Nikaazima mizani ya chumba cha huduma ya kwanza, ile ya kupimia watoto, nikaliweka tofali juu yake. Kilo 29.5. Nikalipima kwa futi kamba: sentimita 45 kwa 23 kwa 15. Ukigawanya unapata kilo 1,900 kwa mita moja ya ujazo. Nikarudi kwenye mstari wa M05 niliouchagua, nikausoma kwa mara ya kwanza, maana kuchagua nilikuwa nimechagua lakini kusoma sikuwa nimesoma. Densiti: 800.

Mia nane! Kitu chenye densiti 800 ukikitupa baharini kinaelea. Namba ile haikuwa na kosa. Inahusu tofali lenye matundu makubwa, zege na hewa vikihesabiwa kama kitu kimoja, tofali la watu wengine kwa ujenzi wa watu wengine. Langu ni kipande kizima. Kila mita ya mraba ya ukuta halisi ilikuwa inabeba joto karibu mara 1.7 ya ukuta wangu wa kwenye skrini.

Nikasahihisha kwa furaha, nikabonyeza. Darasa likashuka hadi 29.9.

Yaani nimesema ukweli zaidi na jibu limekuwa la uongo zaidi. Ukuta mzito hunywa joto la mchana kabla halijafika kwenye hewa, kwa hiyo kilele kikashuka. Ilikuwa sawa kabisa kifizikia, na ilinifundisha jambo linalonisaidia mpaka leo: namba moja iliyosahihishwa ndani ya modeli yenye makosa mengine haina wajibu wa kukusogeza karibu na ukweli. Kosa moja lilikuwa limelifunika jingine, nikalifunua.

Nikahamia kwenye paa, na hapo nikapoteza siku nzima kwa ubishi wa bure. F08 ina unene wa milimita 0.8, mabati ya shule yalikuwa hayafiki hata nusu milimita. Mwongozo wa programu nao unashauri usiingize tabaka jembamba kuliko milimita 3, badala yake uliunganishe na tabaka la jirani. Ushauri mzuri kwa nchi ambako bati lina jirani: mbao, sufi ya kioo, dari. Bati letu limelala kwenye papi, na jirani yake ni hewa halafu kichwa cha mwanafunzi. Nikazunguka, nikaliingiza kama tabaka lisilo na uzito lenye ukinzani, yaani uwezo wa kuzuia joto lisipite, mdogo kabisa, nikabonyeza. Hakuna kilichobadilika.

Ilibidi nichukue kalamu ndipo nione kwa nini. Gawanya 0.0008 kwa 45 upate ukinzani wa bati: karibu 0.00002. Ngozi nyembamba ya hewa iliyogusana na bati upande wa ndani peke yake ina ukinzani mara elfu kadhaa ya huo. Kwa hesabu ya joto bati ni kama halipo, na likiwa nene maradufu bado halipo. Tangu siku hiyo mteja akiniuliza kama akinunua geji 28 badala ya 30 nyumba itapoa, namjibu kwamba itadumu zaidi, na mvua ikinyesha kelele inaweza kupungua kidogo, lakini joto halitajua tofauti.

Kinachojulikana kwa joto ni rangi. Programu, usipoiambia kitu, inachukulia kwamba uso wowote unafyonza asilimia 70 ya jua. Paa la shule lilikuwa la msauzi, rangi ya damu ya mzee, ambayo hufyonza zaidi. Kwa hesabu ya haraka, jua la wati 900 kwa mita ya mraba na upepo mdogo, bati la namna hiyo linafika karibu nyuzi 60. Lingekuwa jeupe na safi lingekaa kwenye 40 na kitu. Nikaweka 0.8, darasa likapanda kidogo. Bado nilikuwa mbali.

Usiku wa tatu, kwa kukata tamaa zaidi kuliko kwa akili, niliiomba programu inipe joto linalopita kwenye kila uso wa darasa, mmoja mmoja, saa kwa saa. Ningepaswa kuanza hapo. Kuta: joto kidogo linaingia, kidogo linatoka. Paa: joto linamwagika ndani. Watoto: kila mtoto aliyekaa hutoa kama wati 70, kwa hiyo 45 ni zaidi ya wati 3,000. Sakafu: wati 3,000 na ushei, na mbele yake alama ya kutoa.

Joto lote la watoto lilikuwa linashuka ardhini.

Nikafungua mstari wa joto la ardhi. Haukuwepo, sikuwahi kuuandika. Na usipouandika, EnergyPlus haikuulizi wala haisimami: inaweka nyuzi 18 kwa miezi yote kumi na miwili. Ni namba yenye maana kwao, kwa jengo kubwa la ofisi Marekani, ambalo ndani yake linashikiliwa kwenye 20 hivi mwaka mzima na ardhi iliyo chini yake inakuwa chini ya hapo kidogo. Kigamboni ardhi haijapata kuwa 18 tangu bahari iwe bahari. Ukichimba chini kidogo unakuta joto linalokaribia wastani wa hewa wa mwaka mzima, na Dar es Salaam huo ni kama 26. Jamvi langu la sentimita 10 za zege lilikuwa limelala juu ya ubaridi usiokwisha. Nikakokotoa kwa mkono: mita za mraba 63, tofauti ya nyuzi 12, unapata wati 3,200 na kitu. Hiyo inakaribia AC ya BTU 12,000, ile ile unayoiona imening'inia kwenye maduka ya Kariakoo, isipokuwa yangu nilikuwa nimeizika chini ya sakafu na haili umeme.

Mzee aliiona kwa kutazama kenchi tu. Mimi ilinichukua siku kumi na saba.

Nikaweka 27, darasa likaruka hadi 33. Nyuzi karibu tatu zilizobaki nazo hazikuwa kwenye kifaa chochote cha ujenzi. Zilikuwa kwenye madirisha. Mimi nilikuwa nimeyafungua yote, na madirisha ya aluminiamu ya kusukuma hufunguka nusu tu, kwa sababu kioo kimoja hujificha nyuma ya mwenzake. Weka na nyavu ya mbu juu yake, hewa inayobaki ni ya kuombea. Nikapunguza, modeli ikasema 35.1. Vipima joto vilisema 35.8. Hapo nikalala.

Sasa ndipo kazi yenyewe ikaanza, ya kujaribu tiba, na hapo nikakosea tena. Tulikubaliana tujaribu dari ya jipsamu yenye kihami joto juu yake. Muuzaji alikuwa na marobota ya sufi ya kioo yaliyoandikwa R-11. Nikaandika 11 kwenye kisanduku cha ukinzani. Matokeo yakawa ya kupendeza mno, na safari hii nilikuwa nimeshaumwa na nyoka. Nikachukua unene wa robota, kama sentimita 9, nikaugawa kwa 11. Upitishaji joto wa 0.008. Hewa iliyotulia tuli ni kama 0.026. Hakuna sufi duniani inayoishinda hewa mara tatu, kwa sababu sufi yenyewe ni ujanja wa kuikamata hewa isitembee. R ya kwenye robota ni ukinzani huo huo, ila kwa vipimo vya Kimarekani, futi na Farenhaiti. Kuileta kwenye vipimo vyetu unagawa kwa 5.678. Kumi na moja ikawa 1.94.

Nimekwisha kuona ripoti za watu wazima, wenye mihuri, zenye kosa hilo hilo. Sizitaji.

Hata hiyo 1.94 ilitosha. Mwenye shule akakubali dari na kihami. Paa jeupe alilikataa katakata, akasema shule yake si kambi, na rangi ya damu ya mzee ndiyo rangi ya sweta za wanafunzi. Nikamwonyesha grafu, akanionyesha sweta. Tukaishia hapo.

Bweni ndilo lililonipa heshima kidogo kwa lile tofali la kilo 29.5. Kwa namba zake, joto linalopiga upande wa nje wa ukuta wa sentimita 15 hutokea ndani baada ya saa nne hivi, likiwa limebaki na kama theluthi ya nguvu yake. Bweni lilichorwa ubavu mrefu ukitazama magharibi. Jua linaupiga ukuta saa kumi alasiri. Ongeza saa nne: saa mbili usiku, wavulana wanapanda vitandani, ukuta unawaka kama tanuri lililozimwa sasa hivi. Ukuta ule ule uliokuwa rafiki wa darasa, lisilo na mtu usiku, ulikuwa adui wa bweni. Kwa M05 yenye densiti 800 joto lingeonekana kupita mapema kidogo.

Nilipata hamu ya kujaribu na kuta za Mji Mkongwe, Unguja, zile za mawe ya matumbawe na chokaa zenye unene wa nusu mita na zaidi. Kwa unene huo ucheleweshaji unapita saa kumi na mbili, na kinachofika ndani ni asilimia mbili tatu tu ya kupanda na kushuka kwa joto la nje. Ukuta hauna mchana wala usiku. Lakini modeli yangu ya kwanza ya nyumba ya huko ilitoka na joto kubwa mno, mpaka nilipokumbuka kwamba nimeijenga peke yake jangwani. Mji Mkongwe nyumba ya jirani ndiyo paa la ukuta wako, kichochoro ni chembamba kiasi kwamba jua linaingia kwa zamu. Nikaweka majirani, ikapoa.

Kwa bweni tulisema geuzeni jengo, ubavu mrefu utazame kaskazini na kusini. Kiwanja kikakataa: mpaka ulikuwa mita tatu kutoka pale. Basi vitanda vikatolewa ukutani, upande wa magharibi ukapakwa chokaa nyeupe (ukuta si paa, hapo hakubisha), na ikakubaliwa ipandwe miarobaini mitano sambamba na ukuta ili kivuli chake kiupate alasiri.

Nikaiingiza miarobaini kwenye modeli. Programu haina mti, ina kivuli tu, ubao usioonekana uliosimama hewani, kwa hiyo nikaweka mbao tano zenye urefu wa mita nne na kuziruhusu zipitishe sehemu ya jua. Joto la ukuta saa mbili usiku likashuka vizuri, ripoti ikapita, bosi akatia sahihi.

Bweni lina miezi saba sasa. Nilipita wiki iliyopita kubadilisha betri za vipima joto, nikamkuta yule mzee kivulini akinoa msumeno. Nikamwamkia, akaitikia, akanionyesha miti yangu. Mitatu imefika kiunoni. Wa nne umekatwa ncha na mbuzi wa jirani. Wa tano walikuwa wameung'oa kupitisha bomba la maji, wakaahidi kuurudisha.

"Kwenye kompyuta imefika wapi?" akauliza.

Nikamwambia mita nne.